Jirani Yako Ametoka Nje: Utampiga Video au Utampigia Simu?

Maandishi ya mazungumzo na vijana, kumi la mwisho la Ramadhani 1441, Mei 2020



Vijana wenzangu, kaka zangu na dada zangu, mlioko Mji wa Kale, Majengo, Likoni, Kisauni, Eastleigh, Malindi, Garissa na kokote mnakotusikiliza: Ramadhan Kareem. Zimebaki siku za kuhesabu kwa vidole. Allah azitakabali saumu zetu, awaponye wagonjwa wetu na awarehemu waliotangulia.

Nitakwenda moja kwa moja kwenye mada maana bando ni ghali na najua wengine mumeacha sufuria motoni. Swali ambalo nimeulizwa zaidi wiki hii ni moja tu, ila kila mtu alileta kwa njia yake. "Mbona watu wa mtaa wetu hawakai ndani?" "Jirani yangu kila siku yuko nje, nifanye nini?" "Nimpigie chifu?" Yaani, kwa ufupi: je, majirani zetu wanafuata amri?

Ni swali la haki. Tangu tarehe 6 Mei, Mji wa Kale na Eastleigh tumefungiwa. Tuliambiwa siku 15. Sasa imesongezwa mpaka tarehe 6 Juni. Maana yake Idi itatukuta humu humu. Mtu aliyekaa ndani wiki mbili, amefunga duka lake, hajamwona mamake aliyeko Kisauni, halafu anachungulia dirishani anaona vijana wanane kwenye kibaraza kimoja wanacheza keram, lazima roho itamuuma. Anajiuliza, "Mimi najifungia kwa ajili ya nani?" Tusimlaumu mtu huyo. Ana haki ya kukasirika.

Lakini kabla hasira haijashika simu, hebu tuangalie sheria yenyewe inasemaje. Kuna watu wanahukumiwa mtaani kwa sheria ambayo haipo.

Kafyu ni kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na moja alfajiri. Hiyo ni sheria, nchi nzima, tangu tarehe 27 Machi. Ukiivunja, faini yake haizidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. La pili, eneo likifungwa, hutoki na mtu haingii. La tatu, masoko na mikahawa ya ndani ya eneo hilo imefungwa, na mikusanyiko hakuna. La nne, barakoa ni lazima ukiwa mahali pa umma, na mtu na mwenzake waachane angalau mita moja. Hapo kanuni za afya zinasema faini isiyozidi shilingi 20,000, au miezi isiyozidi sita, au vyote viwili.

Sasa nitafutie mahali palipoandikwa kwamba mama wa nyumba ya tatu akitoka saa nne asubuhi, na barakoa yake, kwenda kununua unga na tui, amevunja sheria. Hapapo. "Kaa nyumbani" mchana ni nasaha. Ni nasaha nzuri, na mimi naifuata na nakuhimiza uifuate. Lakini nasaha si amri, na asiyeifuata kwa sababu yake si mhalifu. Tofauti hiyo ni kubwa, maana mhalifu huitiwa polisi, na jirani huulizwa hali.

Hebu basi tuulizane, wanaotoka ni kina nani?

Kuna anayetoka kwa sababu asipotoka watoto hawali. Hamali wa marikiti, dereva wa tuktuk, fundi, mama wa mahamri na viazi karai. Hawa hawana mshahara wa mwisho wa mwezi. Ukimwambia akae ndani siku 30, umemwambia akae na njaa siku 30. Kuna anayetoka kwa sababu ndani hapatoshi. Wewe mwenye chumba chako na feni, kumbuka kuna nyumba hapa vyumba viwili wanalala watu tisa. Wanalala kwa zamu. Kibaraza kwao ndiyo sebule. Kuna anayetoka kwa ajili ya maji. Kuna anayetoka kufuata dawa ya sukari au presha ya mzazi. Na kuna dada zetu wengine, na hili tunalificha sana, ambao nje ni salama kuliko ndani.

Halafu kuna kundi la mwisho: sisi. Mabarobaro wa maskani. Nitatufikia, msijali.

Wacha nieleze jambo lililotokea mwezi huu. Nilitumiwa video, nikaipata tena kwenye makundi matatu ya WhatsApp kabla ya kulala. Kijana amebeba mtungi wa lita 20 begani, yuwaenda haraka, imeshapita saa moja na nusu usiku. Aliyepiga video yuko juu dirishani. Maneno yaliyoandikwa chini yake: "Hawa ndio wanaotuletea ugonjwa."

Yule kijana namjua, kwao wamo kwenye orodha yetu ya chakula. Mwenye mkokoteni aliyekuwa akiwaletea maji anaishi nje ya eneo lililofungwa, kwa hivyo haji tena. Mfereji wa jirani anayewagawia hutoa maji usiku. Nyumbani kuna nyanya yake hajiwezi, na kila siku tunawaambia watu waoshe mikono. Waoshe na nini?

Video ilipofika mbali, mtu akamwambia, "Wanakutafuta." Kama ni kweli au si kweli, hakungoja kujua. Aliondoka akaenda kujificha kwa shangazi yake mtaa wa pili, usiku mbili. Halafu usiku wa tatu akaenda kwa rafikiye. Sasa tupige hesabu pamoja. Kijana aliyekuwa anakwenda hatua hamsini na mtungi kisha anarudi kwao, tumemfanya alale nyumba mbili tofauti ndani ya siku tatu. Kama angekuwa na virusi, video ile ingevisambaza kuliko mtungi ule. Na nyumbani kwao hakukuwa na wa kuchota maji.

Hivyo ndivyo hofu inavyofanya kazi. Haimweki mtu ndani, inamhamisha tu. Na mgonjwa inamfanya afiche kikohozi. Mnajua mlivyosikia mitaani: watu hawataki kupimwa, na si kwa sababu ni wajinga. Wameona watu wakipelekwa karantini kisha wanaambiwa walipe. Wamesikia wengine wakipelekwa karantini kama adhabu ya kuvunja kafyu, kana kwamba karantini ni jela. Juu ya hayo, wanajua ambulensi ikisimama mlangoni, simu kumi zitatokea madirishani. Mzee wa heshima zake, ameswalisha watu miaka thelathini, atakubali kutolewa hivyo? Atakunywa tangawizi na ndimu, anyamaze. Akinyamaza, ataambukiza nyumba nzima.

Sisi ni Waislamu, na jambo hili dini yetu haikuliacha wazi. Katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, Allah ametukataza mambo matatu kwa pamoja: kudhania watu vibaya, kupelelezana na kusengenyana. Angalia yanavyofuatana, halafu fikiria ile video. Kwanza ulidhani. Kisha ukachungulia dirishani. Kisha ukatuma kwenye kundi. Yote matatu kwa kidole kimoja, tena umefunga.

Inasimuliwa pia kwamba Sayyidna Umar, radhiya-llahu anhu, alikuwa akizunguka Madina usiku, akasikia sauti za maasi ndani ya nyumba, akapanda ukuta akaingia. Mwenye nyumba akamwambia kwa maana hii: mimi nimekosa moja, wewe umekosa matatu. Umepeleleza na Allah amekataza, umeingia kwa ukuta na Allah ameamrisha milango, na umeingia bila idhini wala salamu. Huyo ni Amirul Muuminin, alikubali, akaondoka. Wewe na mimi ni nani?

Lakini msichukue hilo mkalifanya ngao ya kutembea ovyo. Umar huyo huyo alipokuwa njiani kwenda Sham, akapewa habari ya tauni, alishauriana na watu akarudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anakimbia kadari ya Allah. Jibu lake, kwa maana, ni kwamba anakimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na Mtume wetu, swalla-llahu alayhi wasallam, alitufundisha kuwa tauni ikiwa mahali tusiingie, na ikitukuta mahali tusitoke. Karne kumi na nne kabla ya mkutano wowote wa wanahabari. Kwa hivyo yule anayesema "mimi namtegemea Allah, sivai barakoa," mwambie kwa upole: ngamia hufungwa kwanza.

Tuje sasa kwa polisi, na hapa nataka mnisikize vizuri, kwa sababu hapa ndipo roho za watu zilipo.

Ukimpigia polisi simu kuhusu jirani yako mwaka huu, unajua unaita nini? Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu, hapa Likoni kwenye feri watu walipigwa na kurushiwa vitoa machozi kabla hata ya saa moja kufika. Walikuwa kwenye foleni wanajaribu kurudi nyumbani wafuate hiyo hiyo amri. Siku tatu baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, akafa. Alikuwa nyumbani. Kwao. Rais mwenyewe aliomba radhi kwa vile polisi walivyotumia nguvu. Na tarehe 16 Aprili Mahakama Kuu ikasema kafyu ni halali, lakini nguvu kupita kiasi iliyotumiwa na polisi ni kinyume cha katiba.

Sisemi polisi wote ni wabaya. Wapo waliotusaidia kupitisha magunia ya chakula kwenye vizuizi, jazakumullahu kheyr. Nasema hivi: ukibonyeza ile nambari kwa sababu jirani amekaa kibarazani, umeanzisha jambo ambalo huwezi kulisimamisha. Wewe umekusudia aonywe. Kiboko hakijui nia yako. Na mtaa wetu una familia zinazojua maana ya kijana kuchukuliwa usiku na asirudi. Usiifungulie mlango huo kwa ugomvi wa keram.

Na wenyeviti wa Nyumba Kumi wanaotusikia, tunawaheshimu, ni wazee wetu. Kazi yenu iliwekwa ili majirani wajuane. Mkiwa ni wa kwanza kujua nani ana njaa, mtakuwa mumefanya kazi hiyo. Mkiwa ni wa kwanza kutoa majina tu, watu watawafungia milango, na siku mgonjwa akiwepo hamtajua.

Sasa, sisi wa maskani. Niliahidi.

Wanangu, hatuna udhuru. Maji tunayo au hatuna, keram si maji. Watu wanane kwenye kibaraza cha mtu mmoja, sigara moja inazunguka, barakoa ziko kidevuni. Tunasema "sisi vijana, hautuui." Sawa. Lakini huu ugonjwa una tabia moja: dalili huchukua kama siku tano kutokea, pengine hata 14, na mtu huweza kuambukiza kabla hajajisikia vibaya. Wengine hawaumwi kabisa, lakini wanaupitisha. Kwa hivyo wewe hutajua ni siku gani ulimpelekea babu. Utamshika mkono umsaidie kupanda ngazi, umbusu mkono kama tulivyolelewa, na utakuwa umemuua kwa adabu. Nyumba zetu ni ndefu na nyembamba, ngazi moja, choo kimoja, vizazi vitatu chini ya paa moja. Wazungu wanaweza kumweka mzee chumba chake. Sisi tukileta kitu ndani, tumewaletea wote.

Kwa hivyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Wengi wa majirani zetu wanafuata. Wengine wanashindwa kufuata. Na wachache hawataki. Ukiwatendea wote kama wasiotaka, utawaumiza wanaoshindwa, na wasiotaka watakimbia tu, maana wana miguu mizuri.

Tufanyeje? Nina mambo machache, na kila moja waweza kulianza leo kabla ya magharibi.

Mjue aliyeko kulia kwako na aliyeko kushoto. Chukua nambari zao za simu. Ukimwona jirani ametoka, mpigie. Usianze na "mbona umetoka?" Anza na salamu, kisha "kuna kitu nikuletee?" Utashangaa. Nusu ya safari zile zitakwisha kwa swali hilo. Kijana mmoja anaweza kwenda dukani mara moja kwa ajili ya nyumba tano, badala ya watu watano kwenda mara tano. Pesa zitumwe kwa M-Pesa, mfuko uwekwe mlangoni, bisha hodi, rudi nyuma.

Panga maji mchana. Mwenye kisima au tangi, toa saa moja ya asubuhi kwa wasio na kitu. Vijana wabebe, wenye mitungi wasipange foleni. Ndoo yenye mfereji na sabuni iwekwe mwanzo wa kila kichochoro.

Futari isiwe sababu. Magharibi inaingia kama saa kumi na mbili na robo, na kafyu ni saa moja. Hapo katikati ndipo watu wanakimbizana. Peleka sahani ya jirani kabla ya adhana. Mtume ametufundisha kuwa hajakamilika imani anayelala ameshiba na jirani yake ana njaa naye anajua. Mwaka huu huwezi kusema hukujua.

Rafiki yako wa maskani mwambie wewe. Si mimi, si chifu. Wewe. Mpigie pembeni, usimwaibishe mbele ya watu. Mwambie jina la nyanya yake. Basi.

Video futa. Usipeleke mbele. Katiba, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, mambo ya familia yake yasianikwe bila sababu. Jirani akiwa mgonjwa, shauri ni kupiga 719, nambari ya bure ya wizara, na kuiwekea familia yake chakula mlangoni. Jina lake lisitoke mdomoni mwako.

Na kuna wakati wa kutonyamaza. Ukisikia kupitia ukutani mwanamke anapigwa, au mtoto analia kilio ambacho si cha kawaida, hilo si la kupeleleza. Hilo limekujia lenyewe. Piga 1195 kwa dhuluma za majumbani, 116 kwa watoto. Gonga mlango, omba chumvi, ita wazee. Hapo kusema "si yangu" ni dhambi.

Ukikamatwa wewe au nduguyo, usipigane na usikimbie. Kifungu cha 49 kinasema uambiwe sababu kwa lugha unayoifahamu, una haki ya kunyamaza na ya kuwa na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya mahakama ikiwa muda umekwisha nje ya saa za kazi. Mwambie wa nyumbani uko kituo gani na nambari ya OB ni ipi. Ukipigwa, nenda hospitali, weka karatasi zote, na malalamiko yapeleke IPOA, 1559. Hapo sasa ndipo simu yako inapotakikana kurekodi: kumrekodi mwenye bunduki, si mwenye mtungi.

Mwisho, Idi. Najua. Nguo mpya, mkono wa Idi, uwanja wa Makadara, kupita nyumba kwa nyumba. Mwaka huu haitakuwa hivyo. Misikiti imefungwa, tutaswali na watu wa nyumbani kwetu, na itauma. Watoto waelezeni mapema wasije wakavaa wakangoja mlangoni. Mkono wa Idi tuma kwa simu, hata shilingi 50. Zakatul-fitri itoeni sasa, msingoje asubuhi, ili anayetoka kutafuta apate sababu ya kukaa ndani. Hiyo ndiyo amri ya kukaa nyumbani inayofanya kazi: unga wa siku tatu ndani ya nyumba ya jirani.

Kesho nataka kila mmoja wenu anipe habari moja tu. Sitaki nani ametoka. Niambie ni jirani gani umempigia simu, na alihitaji nini. Majina msiandike.

Allah atuondolee balaa hili, atukutanishe Idi ijayo tukiwa wote, asipungue hata mmoja kwa uzembe wetu.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.